Karavani Niliyodhani ni Yetu

Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini, Akinyi, alinikokota hadi Sanaiya, kule kwenye magereji na mabohari, tukatazame karavani ya kukodi. Chama chao cha Wakenya kinataka kwenda kulala jangwani baridi ikiingia, na mimi nilichukuliwa kwa kazi moja tu: kubishana. "Ongea na huyu jamaa wewe," alisema. "Mimi akiniona tu anajua nimeiva." Nikaongea. Nilishamnyang'anya mwenye karavani jiko, meza na viti vya kukunja, na sasa nilikuwa nainyemelea jenereta, pale Akinyi alipofungua kabati la juu ya sinki. Harufu ikatoka.

Ni harufu ya karavani iliyofungiwa kiangazi kizima: plastiki iliyopikwa na jua, gundi iliyochoka, sponji ya viti vilivyokaliwa na watu usiowajua, na gesi kwa mbali. Nikamwambia Akinyi kichwa kinaniuma, tuondoke. Mwenye karavani akadhani ni mbinu, akatuongezea jenereta mwenyewe bila kuombwa. Sijawahi kupewa masharti mazuri kama yale, na nikayaacha palepale.

Wenzangu mliokulia hapa Doha, watoto wa vyumba vya mbao vya Najma, mnajua kwamba sisi hatukuwa na nyumba. Tulikuwa na sahihi. Baba alikuwa dereva wa familia ya kafili, yule mwenyeji aliyetia sahihi ukaazi wetu, lakini kwenye karatasi aliandikwa msimamizi wa magari wa kampuni, kwa sababu dereva wa nyumbani haletewi mke na mtoto. Cheo hicho kilikuwa hisani ya kafili, na hisani ina tabia ya kuisha. Kila ukaazi wetu ulipokaribia mwisho, mama alianza kukunja nguo ambazo zilishakunjwa.

Tuliishi kwenye villa ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao, familia moja kila kipande. Ukuta wetu wa kushoto ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya mama alimwombea afya. Usiku mmoja nilikuwa nimelala upande wangu wa pazia nilipowasikia wazazi wangu.

"Safari hii hajasema ndiyo," baba alisema.

"Amesema nini?"

"Amesema tumalize kwanza habari ya karavani. Nimchagulie nzuri, niiandae na gari la kuivuta, msimu wa kambi za jangwani upite vizuri. Halafu ataona."

"Na asipoona? Mtoto atalala wapi, atasoma wapi?"

Mimi, kwa akili zangu za miaka minane, niliyachukua maneno hayo nikayapanga upya. Hapa tunatolewa. Mtoto atalala wapi? Baba anachagua karavani. Hesabu ilikuwa wazi kabisa. Nikaihesabu tena, ikaja ileile. Tunanunua nyumba yenye magurudumu, na hakuna mtu atakayetutoa tena, kwa sababu tukiambiwa tuondoke tutaondoka nayo.

Sikuwaambia kwamba nimejua. Nilitaka waniambie wenyewe, ili nishangae vizuri.

Ijumaa baada ya swala baba alinichukua kwenda Sanaiya, pamoja na mdogo wake, baba mdogo Shabani. Huyu alikuwa mlinzi wa ghala la kafili huyohuyo. Mkewe na watoto wake walikuwa Tandika, na aliwaona kwenye simu. Kabla ya kuja Uarabuni alikuwa akivuta mkokoteni Kariakoo, na habari hiyo ungeipata kabla hajamaliza kukuamkia. Mwingine angeificha. Yeye aliisema kama watu wanavyotaja vyuo walivyosoma.

"Mhasibu," aliniita hivyo kwa sababu nilikuwa nikihesabu kila kitu mara mbili, "leo tunakwenda kumkamua Mpakistani. Wewe usicheke tu. Ukicheka, bei inapanda."

Muuzaji alikuwa mzee mwenye ndevu za hina. Karavani zake zilisimama kwenye vumbi, nyeupe zote, zimepauka kama mifupa. Baba hakuuliza bei. Hicho ndicho nilichorithi kwake kuliko pua: usiulize bei mpaka mwenye mali aanze kuona aibu ya mali yake. Aliingia ndani akagonga kuta kwa vifundo vya vidole, polepole, kama daktari anayegonga mgongo. Penye sauti kavu alipita. Penye sauti butu alisimama, akaniambia niweke kiganja.

"Unaonaje?"

"Kuna ubaridi."

"Maji yameingia. Kwa nje imepakwa rangi, ndani imeoza. Twende."

Alikanyaga sakafu karibu na mlango, mahali watu wanapoingia na miguu iliyolowa. Alinusa makabati. Alilala chini ya tela na tochi akatazama fremu, na alipotoka mgongo wake ulikuwa wa rangi ya Sanaiya. Kwenye tairi alinionyesha tarakimu ndogo zilizochongwa ubavuni, zinazosema lilitengenezwa lini. Tairi za ile aliyoipenda kafili kwenye picha zilikuwa na meno mapya kabisa lakini zilikuwa kuukuu. Zilikaa juani zikakauka bila kutembea.

"Ndefu sana hii, na ina ekseli moja," baba alimwambia baba mdogo. "Upepo wa njia ya kusini ukiipiga itayumba."

"Lakini kafili kaitaka."

"Kafili anataka ndefu kwa sababu ya majirani zake kambini. Nitamwambia ile fupi ina bafu kubwa zaidi."

"Ina?"

"Ina bafu."

Tukaichagua ya ukubwa wa kati, yenye ekseli mbili, magurudumu manne. Mimi nilikuwa nimeshachagua kitanda changu, kile cha nyuma chini ya dirisha la mviringo, na nilikuwa nimelala juu yake nikijaribu kama miguu inafika. Nje baba alianza kuomba. Tairi la akiba. Jeki. Vile vioo virefu vya pembeni, vya kumwezesha dereva kuona nyuma ya tela. Pampu ya maji. Kila alichoomba mzee alishika ndevu, akamwapia Mungu, akatoa.

"Huyu kaka yako," mzee alimwambia baba mdogo kwa kile Kiarabu chetu cha wageni, kisicho na sarufi wala mwenyewe, "ataniomba na mke."

"Hapana, mke anaye. Ataomba pazia."

Pazia tukapata.

Wiki zilizofuata baba aliiandaa pikapu ya kafili nyuma ya villa yetu, jioni baada ya kazi, na mimi nikimshikia taa. Sijui kama kuna watoto waliopata hadithi za kulalia kama zangu. Mimi nilihadithiwa kwamba chuma cha kuvutia hakifungwi kwenye bampa, kinafungwa kwenye chesisi yenyewe, la sivyo bampa litakwenda na tela na wewe utakwenda kwako. Kwamba kile kichwa cha mviringo, kama yai la kuchemsha lililokaa kwenye kikombe chake, lazima kilingane na kikombe cha tela. Kikipwaya kidogo, barabara itakizidisha. Kwamba minyororo hupitishwa kwa kukatana chini, ili shingo ya tela ikichomoka iangukie mikononi mwa minyororo isichimbe lami. Aliongeza springi za nyuma. Aliweka kipoza mafuta ya giaboksi. Chini ya usukani alifunga kisanduku kidogo cha kuamuru breki za tela, na akanifundisha kukaa ndani nikikanyaga breki huku yeye nyuma akipiga kelele.

"Kushoto inawaka?"

"Mimi niko ndani, baba, wewe ndiye unayeiona."

"Nakupima kama umelala."

Alikaza kila nati, kisha akarudi mwanzo akazikaza tena. Mama alitoka na chai akasimama mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama daktari akinawa mikono. Nilidhani anawaza jinsi atakavyolipanga jiko letu jipya, na nikamhurumia, maana mahali pa sufuria kubwa hapakuwepo.

Siku ya kupakia ndipo nyumba yangu ilipochukuliwa. Tulikuwa uani kwa kafili, na wafanyakazi wake walianza kutoa mazulia mekundu, mito, vyetezo, magunia ya mkaa, friza, madumu ya maji, jenereta. Kisha akatoka kafili mwenyewe, amebeba sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na madele ya kahawa na vikombe vidogo vya mama yake, kila kimoja kwenye kitambaa chake.

"Hivi ni vya mama yangu," alimwambia baba. "Amekuwa navyo tangu kabla sijazaliwa. Kikivunjika kimoja ataniuliza mimi, na mimi nitakuuliza wewe."

"Inshallah havitavunjika."

"Na ile habari ya familia yako nimeikumbuka. Nifikishie kambi yangu salama, halafu njoo na karatasi."

Alipoondoka nilimvuta baba mdogo shati. "Kwa nini wanaweka mito yao kwenye nyumba yetu?"

Alinitazama, akacheka, kisha akaona kwamba sicheki. Akachuchumaa. "Nani kakwambia yetu?"

"Nimehesabu."

"Basi mhasibu wangu, safari hii umejumlisha mali ya watu." Alinipangusa uso kwa kiganja chenye harufu ya kamba. "Sisi tunaifikisha tu. Tukiifikisha vizuri, mnabaki Najma. Hiyo ndiyo nyumba yenu. Mbaya, lakini haihitaji tairi."

Kafili alimtuma baba awapeleke wanawe dukani. Kupakia kukabaki kwa baba mdogo, na hakuna mtu aliyefurahia kazi kama yeye siku ile. Kwenye ghala alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki akilinda ukimya. Hapa alikuwa tena kijana wa Kariakoo. Alivua shati, akalizunguka lile tela, akalipima kwa macho.

"Kitu cha magurudumu ni kitu cha magurudumu," alinieleza. "Mkokoteni ukiwa mzito mbele, mishikio inakukandamiza, kufika Buguruni huna mabega. Mwenye akili anasukuma mzigo nyuma ya ekseli. Mishikio inanyanyuka yenyewe. Unavuta huku unapiga mluzi."

Basi mkaa ukaenda nyuma. Friza nyuma. Madumu ya maji nyuma, kwenye kitanda kilichokuwa changu. Jenereta aliifunga nje kabisa, kwenye ngazi ya nyuma, kwa kamba na mafundo ambayo hata leo siwezi kuyafungua kichwani. Mbele alibakiza mito.

Baba aliporudi, baba mdogo alimsubiri kama mtu aliyepika. "Kaka, njoo. Shika shingo ya tela."

Baba akaishika kwa mikono miwili, akajikaza, na ikapanda kwa urahisi mpaka akarudi nyuma hatua. Akajaribu kwa mkono mmoja. Akacheka. Mwezi mzima sikuwa nimemsikia akicheka.

"Shabani, wewe ni mtu mbaya sana."

"Gari la kafili litadhani halivuti kitu. Mhasibu, njoo na wewe."

Nikashika, nikavuta, na ile nyumba ya watu wengine, yenye friza na mazulia na mkaa, ikanyanyuka mikononi mwangu. Niliwahi kupata zawadi nyingi baadaye. Hakuna iliyonifanya nijione mkubwa kiasi kile.

Baba alikuwa mtu wa malori na mabasi, ambapo mzigo uko juu ya mgongo wako. Kufunga vyuma vya kuvutia alijua; kuvuta kitu mwenyewe hakuwahi. Alikagua upya yote anayoyajua: kikombe na yai lake, minyororo, taa, tairi, nati. Yote yalikuwa sawa. Ule wepesi hakuukagua, kwa sababu wote watatu tulishauweka upande wa faida.

Palikuwa na jambo moja lililobaki: sanduku la vikombe. Baba mdogo alisema atakaa ndani ya karavani alishike mapajani.

"Hairuhusiwi mtu kukaa ndani," baba alisema.

"Nimefunga pazia lako la bure. Nani ataniona?"

"Liweke mbele kwangu."

"Mbele kuna mtoto. Kaka, umesikia alivyosema kuhusu mama yake? Kikombe kimoja. Unataka sahihi ya mkeo ikae kwenye zulia, inayumbayumba?"

Nilimwona baba akimtazama mdogo wake, kisha sanduku, kisha mimi. Halafu akaingia kwenye gari.

Ilikuwa alasiri. Tulitoka mjini taratibu, tukaupita ule mrundikano wa mizunguko na taa, mpaka barabara ya kusini ikafunguka, bapa, na jangwa likiwa jeupe pande zote. Pikapu ilivuta vizuri. Baba alianza kuimba chini chini, jambo ambalo mama alikuwa akimkataza hadharani. Akaongeza mwendo kidogo. Nami nilikuwa nikitazama kwenye kile kioo kirefu cha upande wangu, ambako karavani ilikaa nyuma yetu imejaa kioo chote.

Lori la mawe likatupita, na upepo wake ukatusukuma. Kwenye kioo changu karavani ikatoka nje kidogo, ikarudi. Ikatoka tena. Safari hii ilitoka zaidi, na kwa sekunde nililiona dirisha la mviringo, lile la kitanda changu. Ikaenda upande wa baba. Ikarudi kwangu.

Nikacheka. "Baba! Baba mdogo anacheza ndani!"

Niliamini hivyo. Niliona kabisa kichwani: baba mdogo na sanduku lake, anakata kiuno katikati ya mazulia ya kafili, na nyumba nzima inakwenda naye. Nikampungia mkono kwenye kioo. Baba hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimebana usukani mpaka vikawa na rangi nyingine, na mguu wake ukaenda kwenye breki, kama ambavyo mguu wa dereva yeyote ungekwenda.

Sauti siikumbuki. Nakumbuka kwamba kioo kilijaa mlango wa karavani, kisha kikajaa mbingu, kisha hakikuwepo.

Pikapu ilibaki imelalia ubavu wake kwenye mchanga. Baba alinitoa kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umening'inia vibaya. Karavani ilikuwa imebiringika na kupasuka kama katoni, na vitu vya kafili vimetapakaa: mkaa, mito, zulia limejikunjua lenyewe kwenye changarawe kana kwamba wageni wanakuja. Baba alikuwa akiliita jina la mdogo wake na kutupa mbao. Mimi niliona vikombe. Vilikuwa vimezagaa mchangani, vingine vizima kabisa, vyeupe na ukingo wa dhahabu. Nikaanza kuvihesabu. Vizima huku, vilivyovunjika huku. Nilipomaliza nikaanza upya. Baba mdogo alikuwa anapiga kelele, na niliona nikiendelea kuhesabu hizo kelele zitapata muda wa kwisha.

Hospitali ilikuwa baridi kuliko kitu chochote nilichokijua. Baba mdogo alilazwa bapa, kichwa kimebanwa pande mbili. Daktari alifunua blanketi miguuni, akachoma unyayo kwa sindano, akachoma kidole, akachoma wa pili. Baba mdogo alikuwa akinisimulia habari ya muuza ndizi mmoja wa Kariakoo, na hakukata hadithi. Niliona ni ushujaa mkubwa sana. Mama akageukia ukutani.

Kafili alikuja na ofisa wa polisi. Ofisa alikuwa mpole na alizungumza polepole, kwa hiyo nilielewa kila neno, maana Kiarabu changu cha shule kilikuwa safi kuliko cha wazazi wangu. Alisema gari halina kosa. Chuma cha kuvutia kimefungwa vizuri, breki zinafanya kazi, tairi ni nzima. Kosa ni mzigo. Tela lazima liukandamize mkia wa gari, mzigo uwe mbele ya ekseli. Huu wote uliwekwa nyuma, kwa hiyo tela lilikuwa linamnyanyua anayelivuta, na kitu kinachovutwa namna hiyo kikianza kuyumba hakiachi.

"Shingo ilikuwa nyepesi," ofisa alisema, "hata mtoto mdogo angeweza kuinyanyua."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba ni kweli, niliinyanyua, na baba aliinyanyua kwa mkono mmoja. Mkono wa mama ulinishika begani, na kucha zikaingia.

"Nani alipakia?" kafili aliuliza. Alikuwa akimtazama baba.

Baba alikuwa na mkono kwenye bandeji shingoni na uso ambao haukuwa na kitu. Akavuta pumzi.

"Mimi," baba mdogo alisema kutoka kitandani. "Peke yangu. Huyu hakuwepo, alikuwa amewapeleka watoto wako dukani. Aliporudi nilishafunga milango yote. Hakugusa kitu."

"Shabani," baba alisema kwa Kiswahili.

"Kaka, nyamaza, wewe tangu lini unajua kupakia?" Akarudi kwenye Kiarabu chake kibovu. "Huyu anajua nati tu. Mzigo ni mimi. Na kukaa ndani niliingia mwenyewe, yeye hakujua. Kariakoo yote wananijua kwa mzigo, muulize yeyote."

Nilimkasirikia sana. Hata amelala chali, hata mbele ya polisi, hakutaka kugawana sifa na mtu. Ule wepesi ulikuwa wetu sote watatu, na yeye anaubeba peke yake kama alivyozoea kujisifu kila Ijumaa. Nilimwona ni mchoyo.

Kafili akamgusa baba kwenye bega lililo zima, akamwambia aje na karatasi akipata nafuu. Wakatoka. Mama akakaa chini, sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

Baba alisogea kitandani. Alisema kitu ambacho hakikuwa neno.

"Usinitazame hivyo," baba mdogo alimwambia. "Mimi miguu imeshakwenda, nikisema nisiseme. Ungekwenda na wewe, nani angefaidi? Wangu wamezoea kunikosa. Huyu wako hajazoea."

Nikakasirika mara ya pili. Nilidhani anasema nimedekezwa.

Sahihi ilipatikana. Mama alizikunjua nguo zake, akazitundika. Nikaendelea na shule, nikaendelea na Doha, na hii kazi niliyonayo Al Sadd, na huu ulimi wa kumnyang'anya mtu jenereta, vyote vimetoka kwenye kile kitanda cha hospitali. Baba mdogo hakushtakiwa. Kafili alisema alishapata adhabu ya kutosha, akamkatia tiketi ya kwenda nyumbani. Watu walimsifu kafili kwa utu wake, na sina sababu ya kubisha.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amenyolewa, amevaa shati la baba, na miguuni viatu vipya vyeusi ambavyo baba alivinunua bila kumwambia mtu. Kaunta kulikuwa na dada Mkenya aliyetusikia tukizungumza.

"Habari yako, mzee. Una mizigo mingapi?"

"Miwili." Baba mdogo akapigapiga magoti yake. "Hii hapa. Ila usiipime, dada. Siku hizi sijui uzito wake."

Yule dada hakujua aweke wapi macho. Mimi nilicheka, kwa sababu alinikonyeza ili nicheke. Baba alipiga magoti mbele ya kiti kana kwamba ameona kitu sakafuni, akaanza kuzifunga kamba za vile viatu, na zilikuwa zimefungwa tayari. Akazifungua. Akazifunga tena, akivuta kwa nguvu, kichwa chini. Foleni nyuma yetu ikarefuka. Akazifungua, akarudia, na mabega yakaanza kumtikisika.

Baba mdogo alikitazama kisogo cha kaka yake kwa muda.

"Kaka," alisema, "umebana sana. Vinaniumiza."

Baba akashtuka. Akalegeza kamba haraka haraka, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, akapitisha kidole ndani kuona kama kuna nafasi. "Samahani," alisema. "Samahani, mdogo wangu. Samahani."

Ndiyo mara pekee niliyolisikia neno hilo likipita kati yao.

"Hapo sawa," baba mdogo alisema. "Sasa havibani."